Mkonge wa Marehemu Saidi

Mpelelezi katika hadithi mliyoniletea amevaa koti refu jeusi. Nimeisoma yote, wanangu, na nimeipenda, lakini nawauliza: nani amewahi kuvaa koti refu Handeni mwezi wa pili akabaki na akili ya kupeleleza? Tena mmempa bastola. Askari mstaafu hana bastola. Siku unayostaafu unarudisha vitu vya serikali mpaka mkanda, unatoka getini umeshikilia suruali kwa mkono, na kinachobaki chako ni kuitwa Afande tu.

Mnataka kuandika habari za mpelelezi mstaafu anayefanya kazi za watu binafsi vijijini. Vizuri. Basi msihangaike kumtunga, mmempata. Nakaa Manundu, hapa Korogwe, nyumba ya bati la kijani, ukiuliza kwa Afande Elia hata fundi viatu atakuonyesha. Nyumba hiyo nimeijenga mwenyewe. Baba yangu alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, na mimi nimezaliwa kambini, chumba kimoja, watoto sita na baiskeli ndani. Kutoka chumba kile nimefika idara ya upelelezi, nimefanya kazi Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam, na nimepata stashahada ya upelelezi wa makosa ya jinai. Ipo sebuleni ndani ya fremu. Mgeni akiingia kwangu anaiona kabla hajaona kiti. Wengine husema najivuna. Sijivuni, nataja kilichopo.

Kazi yenyewe hamuijui, na si kosa lenu. Mnadhani mpelelezi ni mtu wa kuuliza maswali. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipokutana na Sajenti Komba, mtu wa Songea, mfupi, mpole, aliyenipokea Mwanza nikiwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Siku ya kwanza tulimhoji mtu aliyeshukiwa kuiba injini ya mashua. Nikamkazia macho usoni saa nzima. Tulipotoka, Komba akaniuliza, "Umeona nini?"

"Anasema kweli, Afande. Macho yake hayakuyumba."

"Na miguu?"

"Miguu gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, uso wa mtu umefundishwa uongo tangu mdogo. Mama anakuja, ficha sukari, kaza uso. Lakini umewahi kuona mtu anafundisha miguu yake kudanganya? Yule bwana kila tulipotaja ziwa miguu yake iligeukia mlango wa nyuma."

Nyuma ya mlango ule kulikuwa na banda, na bandani ndimo injini ilimokuwa. Tangu siku hiyo nimetazama miguu ya watu kuliko muuza viatu. Siku hizi mnatafuta mtu kwa simu yake, mnajua alilala mtaa gani na kampigia nani. Naiheshimu sana teknolojia hiyo, nimesomea mwanzo wake. Ila simu mtu anaweza kuiacha nyumbani.

Jambo la pili ambalo hadithi yenu imelikosa ni kwamba mstaafu hana amri. Kazi yangu ya kwanza baada ya kurudi ilikuwa Chanika, pale Handeni mjini, kwa bibi mmoja aliyeibiwa cherehani. Nikaingia uani kwa sauti yangu ya kituoni: "Nani alikuwa hapa juzi? Kila mtu atoe maelezo!" Bibi akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Basi kumbe unajua. Keti hapo kwenye mkeka, uji unakuja. Polisi tumeshawaita, walisimama hivyohivyo, wakaondoka. Wewe nimekuita ukae."

Nikakaa. Kabla uji haujapoa, mjukuu wake alikuwa amekwisha kutaja cherehani ilipo, maana hakuna anayeweza kunywa uji na mtu huku anamficha jambo bila kumwaga. Andikeni hilo. Mpelelezi wenu mvueni koti, mpeni bakuli.

Lakini nilichokusudia kuwaeleza ni cha kijiji cha Kwamsisi. Nimeona mengi kazini. Nimeona maiti ikitolewa kisimani, nimeona jambazi akilia kama mtoto, na hakuna kati ya hayo lililonifanya nivue kofia. La Kwamsisi lilinivua.

Lililetwa na binti anayeitwa Zaina, ana meza ya vitenge karibu na stendi ya Korogwe. Alikuja kwangu asubuhi, akaitazama stashahada ukutani, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayelinganisha.

"Afande, mama yangu kaibiwa kaburi."

"Kaibiwa nini?"

"Kaburi la baba. Liko palepale, lakini siku hizi liko kwa jirani."

Nikamwambia akae, aanze mwanzo. Baba yake, marehemu Saidi, alikuwa na shamba upande wa Kwamsisi, limepakana na shamba la binamu yake, Mzee Mbelwa. Mpaka wao ulikuwa mstari wa mkonge ambao Saidi aliupanda kwa mkono wake zamani, kabla Zaina hajazaliwa. Saidi alipofariki alizikwa shambani kwake, hatua chache tu ndani ya mpaka. Mama yake Zaina akaingia eda. Nyinyi ambao hamjui, mjane wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi ya eda, haendi shambani, haendi sokoni, ndugu ndio wanaomhudumia. Ilikuwa kiangazi. Alipotoka eda, kitu cha kwanza alitaka kwenda kumwombea dua mumewe. Akafika shambani, akakuta mstari wa mkonge umesimama upande wa huku, na kaburi liko ng'ambo, kwa Mbelwa.

"Mbelwa anasemaje?"

Hapo ndipo Zaina alipolia. "Anasema mpaka ndio huohuo siku zote. Anasema alimpa baba mahali pa kulala kwa huruma, kwa kuwa walikuwa ndugu. Na watu wanamwamini, Afande, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia mazishi. Sasa anauza. Kuna mnunuzi wa kutoka mjini anataka kupanda michungwa. Kasema kaburi ni moja tu, litahamishwa."

Kwa kawaida kesi za ardhi sizigusi. Zina vyombo vyake, na mtu wa jinai akiingia humo huchafuka bure. Lakini neno la kuhamisha kaburi lilinikaa. Nikachukua pikipiki yangu, ambayo pia nimeinunua mwenyewe, nikaenda. Ukiacha lami njia ile ni vumbi au tope, hakuna cha katikati, na siku hiyo ilikuwa vumbi mpaka ndani ya meno.

Nilikwenda kwanza kwa Mbelwa, si kwa mjane. Huo ni utaratibu wangu: anayelalamika huwa anakusubiri, anayelalamikiwa hakusubiri. Nilimkuta mzee wa heshima kabisa, kanzu safi, sauti ya taratibu. Akaniletea kiti, akaagiza mahindi ya kuchoma.

"Karibu, mzee mwenzangu. Najua kilichokuleta. Yule shemeji yangu msiba umemchanganya, mimi simlaumu."

"Mpaka wenu ni ule mkonge?"

"Ule ule. Twende ukautazame kwa macho yako."

Tukaenda kwa kuzungukia barabarani. Mikonge ilikuwa mikubwa, majani mapana, imekomaa. Mbelwa akaupiga mmoja kofi kama mtu anayemsifia ng'ombe wake.

"Huu una umri kuliko mwanangu wa kwanza. Sasa nambie, wewe msomi, mti kama huu mtu ataupanda jana?"

Akanibana. Wanakijiji wote alikuwa amewabana kwa swali hilohilo, maana mikonge ilikuwa ya zamani kweli, na kitu cha zamani watu hukipa heshima ya kitu kilichokuwepo. Lakini mimi nimezaliwa kambini. Nimewahi kuona mikonge imetupwa kando ya reli mwezi mzima bila udongo wala maji, kisha ikapandwa na kuendelea kama iliyolala usingizi. Mkonge mkubwa unaweza kuhama. Lakini kuweza si ushahidi. Tukarudi kwake kwa barabara ileile, nikamalizia mahindi yangu.

Nikamwambia, "Hebu twende mpaka kaburini, nimsalimie marehemu."

Kutoka uani kwake mpaka kaburini ni uwanda mtupu. Udongo umelimwa, mwekundu, hakuna hata kijiti. Kaburi unaliona palepale mbele yako. Mtu yeyote angekwenda moja kwa moja. Mimi nilikwenda moja kwa moja. Mbelwa hakwenda hivyo. Huku anaongea, ananieleza jinsi alivyompenda ndugu yake, miguu yake ilikata kushoto, ikazunguka mpaka karibu na kichuguu kikubwa cha mchwa, ikapita pembeni ya kichuguu hicho, ndipo ikarudi kulia kuja kaburini. Alizunguka kitu ambacho hakipo.

Nikasimama.

Mnaelewa nilichokiona? Mkonge una miiba nchani. Mtu havuki mstari wa mkonge popote anapotaka, huacha mwanya, na mwanya huo ukawa njia ya watu wa nyumba mbili. Mbelwa alikuwa ameupitia maisha yake yote. Akaung'oa mkonge, akausogeza, akasawazisha udongo, akapanga maneno yake vizuri. Miguu hakuna aliyeiambia. Ilikuwa bado inaupitia mwanya.

Nilikwenda kwa mjane jioni hiyo, Mama Zaina, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Nikamwomba tu tukakae mahali tunapoliona shamba. Tukiwa tumekaa, akapita mfugaji, Lembrisi, na ng'ombe wake wakirudi kutoka kwenye maji. Kundi zima liliingia ule uwanda mtupu likitawanyika, kisha, kama limeambiwa, likajikusanya, likawa jembamba, likapita pembeni ya kichuguu mmojammoja, na baada ya pale likatawanyika tena. Ni kama kuona maji yakipita mlangoni pa nyumba iliyobomolewa.

Nikamkimbilia Lembrisi. "Ndugu yangu, mbona ng'ombe wanapita pale?"

"Ndiyo njia yao."

"Lakini sasa hakuna mkonge. Wangeweza kupita popote."

Akanitazama kwa huruma. "Hao hawajaambiwa kwamba hakuna mkonge."

"Utakuja kuyasema hayo barazani?"

"Afande, mimi mfugaji nije kusimama kwenye kesi ya wakulima? Halafu kesho nikanyweshe wapi?" Akafuata ng'ombe wake.

Kwa hiyo nilijua. Lakini kujua ni nusu tu ya kazi yetu, na kwenye hadithi zenu ndipo mnapoishia. Mpelelezi wenu anajua, anamnyooshea mtu kidole, mtu anakiri. Nani kawaambia watu wanakiri? Baraza la ardhi la kijiji lilipokaa nilisimama nikaeleza miguu ya Mbelwa na ng'ombe wa Lembrisi, nikaeleza vizuri sana, kwa lugha ya mahakama. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Afande, nakuheshimu. Lakini niandike nini hapa? Kwamba ng'ombe wamekula kiapo?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheza karata yangu ya mwisho, na hiyo haikutoka chuoni. Ilitoka kambini. Shamba la mkonge likizeeka, lilikuwa linang'olewa lipandwe upya, na baada ya kung'olewa baba yangu na wenzake walirudishwa tena na tena kung'oa kile kinachoota. Mkonge mama unautoa, lakini chini umeacha mizizi inayotambaa, na kila penye pingili kuna jicho. Udongo ukikauka linalala, ukilowa linaamka. Mbelwa alichimba kiangazi, udongo umekuwa jiwe. Alitoa alichokiona. Jembe halikufika chini.

Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba hukumu isubiri mvua. Mvua ikinyesha, mpaka utarudi wenyewe mahali pake. Na hadi hapo mtu asilime wala asijenge pale."

Ikatoka sauti nyuma: "Jamani! Kastaafu upolisi, kaingia uganga!"

Hapo walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mwingine akaniuliza kama natoa na dawa ya mvuto wa biashara. Aliyecheka kuliko wote ni Mbelwa.

"Mwacheni mzee mwenzangu," akasema. "Tusubiri tu. Mimi sina haraka na ardhi yangu."

Tukasubiri. Na mvua, kama mjuavyo mvua ya Handeni, ikaamua kututazama. Mawingu yanakuja mchana, yanakaa, yanaondoka. Mnunuzi akaleta nguzo za uzio na seng'enge, vikarundikwa pembeni ya kaburi. Zaina akawa ananipigia simu.

"Afande, mvua yako iko wapi?"

"Inakuja."

"Mama haleti maneno, lakini halali. Anasema wakimfukua baba, na yeye wamzike hukohuko watakakompeleka."

"Mwambie inakuja."

Nilikuwa naota mawingu. Jina langu lote nililolijenga tangu kambini nilikuwa nimeliweka chini ya udongo wa Kwamsisi, nikisubiri lichipue.

Ikanyesha hatimaye, mvua nzito ya vuli, mchana kutwa. Nikaiacha siku chache ili macho ya mizizi yaamke, kisha nikapanda pikipiki, safari hii nikila tope, nikafikia kwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Asubuhi nikaenda shambani nimevaa shati jeupe, kwa sababu nilitaka kuonekana.

Hakukuwa na kitu. Udongo mwekundu, umelowa, mtupu. Magugu madogo hapa na pale, nyasi zimeanza, lakini mkonge, hata ncha moja, hakuna. Nikasimama pale na stashahada yangu. Sikumbuki kuogopa hivyo hata siku nilipofyatuliwa risasi Mwanza. Nilimwona mama wa watu akihamishiwa kaburi kwa sababu mimi nilijidai.

Nikainamisha kichwa. Na kwa kuwa nimezoea kutazama chini, nikaona nyayo.

Kwenye udongo mkavu usingeziona. Kwenye udongo ule uliolowa zilikuwa wazi kama muhuri. Nyayo za mtu mmoja, kandambili, zimekwenda na kurudi, juu ya nyingine za jana yake, juu ya nyingine. Zilianzia kwenye kichuguu, zikanyooka kama kamba iliyovutwa, mpaka kwenye korongo upande wa pili. Na kandokando ya nyayo, kila baada ya hatua, kishimo kidogo kilichofukiwa kwa kisigino.

Sajenti Komba, popote alipo, nadhani siku hiyo alicheka tena.

Kesho yake jua linachomoza nilikuwa nimekaa juu ya kichuguu. Mbelwa akaja na panga na kapu. Hakuniona, macho yake yalikuwa chini. Anainama, anachomoa kitu, anatia kapuni, anafukia kwa kisigino, hatua moja mbele, anainama tena. Nilimwacha afike karibu.

"Shamba linaendeleaje, mzee mwenzangu?"

Akashtuka, panga likaanguka. "Ah! Afande. Mbona mapema hivyo?"

"Nimekuja kukusaidia. Unafanya nini?"

"Napalia."

"Hujapanda, unapalia nini?"

"Magugu haya. Yakiachwa yanasumbua."

Nikatazama mstari wake kutoka mwanzo mpaka mwisho, na magugu mengine yote kulia na kushoto ambayo hakuyagusa. "Magugu ya kwako yana adabu sana, Mzee Mbelwa. Yamepanga foleni."

Nilimwomba kapu, akaling'ang'ania kidogo, kisha akaliachia. Lilikuwa limejaa vichipukizi vya mkonge, vyeupe chini, vya kijani nchani, vikali kama sindano. Mbelwa akakaa chini, kwenye tope, na kanzu yake safi.

"Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea Saidi," akasema, kama mtu anayeongea na mwingine. "Nilimlaza mimi, kwa mikono hii."

"Basi ulijua yuko upande gani."

Sikumkamata. Ningemkamata na nini? Nilimpigia simu mwenyekiti, na tukamsubiri tumekaa, yeye kwenye tope, mimi kwenye kichuguu. Wazee walipofika wakautembea ule mstari mara mbili. Lakini msidhani ilikwisha. Watoto wa Mbelwa wakaja juu: baba yetu kapalia mstari ulionyooka, kosa liko wapi? Vichipukizi kavitoa popote, Afande kavitia kapuni mwenyewe! Mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Afande alisema mpaka utarudi wenyewe. Kuanzia sasa hapa haingii mtu, si Mbelwa, si Afande, si kuku. Sungusungu watalinda. Mvua ikinyesha tena, tutakuja wote."

Ikanyesha tena. Siku tuliyokwenda, kijiji kizima kilikuja, hata waliokuwa hawana shamba upande ule, hata Lembrisi alisimama mbali na fimbo yake. Sisi watu wa jinai tumezoea kuona vitu vilivyokwisha kutokea. Siku ile niliona kitu kikitokea.

Kutoka kwenye korongo mpaka ng'ambo ya kichuguu udongo ulikuwa umepasuka kwa mstari mmoja, na ndani ya mpasuko huo zilisimama ncha za kijani, maelfu, zimebanana kama mkeka, nyingi kuliko zilizong'olewa, maana mkonge ukiukata jicho moja unafungua mawili. Mstari umenyooka kuliko ambavyo mtu angeuchora. Ulipita ng'ambo ya kaburi, ukaliacha upande wa Mama Zaina, umelikumbatia. Na ulipofika kwenye kichuguu ukakatika. Upana wa mtu mmoja, au ng'ombe mmoja, hapakuwa na ncha hata moja. Kisha ukaendelea. Mwanya ulikuwa palepale.

Yule aliyeniita mganga nilimwona amevua kofia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi pia nimevua yangu. Mwenyekiti hakuandika chochote kwa muda mrefu. Mbelwa alikuwepo, na watoto wake. Baadaye, baraza lilipomwamuru arudishe ile mikonge mikubwa mahali pake na amwachie shemeji yake shamba, aliitika kabla hawajamaliza kusema. Mnunuzi alipakia nguzo zake. Lakini saa ile watu walikuwa wamesimama tu, kama mnavyosimama msikitini au kanisani kabla ya mtu wa kwanza kusogea.

Aliyesogea alikuwa Mama Zaina. Alikwenda mpaka kwenye kichuguu, akainua kanga kidogo, akapita kwenye mwanya, akageuka akatutazama akiwa upande wa Mbelwa, kisha akapita tena kurudi upande wake, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango wake aliorudishiwa. Akaenda kaburini, akachutama.

Nilisubiri amalize dua yake. Nakiri nilisubiri na pongezi. Nikamkaribia nikamwambia, "Umeona, mama? Niliwaambia utarudi."

"Uliwaambia, baba. Nashukuru." Akapangusa udongo kwenye jiwe la kichwani. "Ila mimi sikuwa na wasiwasi na mkonge. Nilikuwa na wasiwasi na mvua tu. Siku anaupanda nilikuwa namshikia kamba, nina mimba ya kwanza, jua linanichoma, nikamwambia, Saidi, yatosha, fukia twende. Akasema bado. Akachimba tena. Hakuwa mtu wa kupanda juujuu."

Wanangu, andikeni mpelelezi wenu mnavyotaka. Mnaweza hata kumrudishia koti. Mimi nimewaita mashahidi wengi kizimbani katika maisha yangu: matajiri, wezi, madaktari, diwani mmoja aliyezimia. Wengine walikuja na askari, wengine hawakuja kabisa. Ni mmoja tu niliyemwita akiwa chini ya udongo, nikaweka jina langu rehani kwamba atakuja. Na akaja, amenyooka, na mlango wa jirani yake ameuacha wazi.